Damu ya Ijumaa kutoka Nyaramba

Mama yangu hucheka nikisema nimestaafu. Nina miaka ishirini na saba, na aliyestaafu kwa haki ni Madam Kerubo, fundi wa maabara aliyenifundisha kazi. Lakini mkataba wangu wa miaka mitatu ulikwisha wiki ile ile aliyorudisha koti lake jeupe, kwa hiyo tuliagwa kwa chai moja na keki moja, jina lake limeandikwa katikati na langu pembeni, mahali ambapo kisu kilianzia. Tulipomwomba awaandikie wafanyakazi wapya wa maabara kumbukumbu zake, alikataa.

"Nimeandika lebo za chupa miaka thelathini na nne," alisema. "Inatosha. Aandike msomi. Yeye ndiye hukaa akiwaza."

Msomi ni mimi. Ndivyo alivyoniita tangu asubuhi ya kwanza, na haikuwa sifa.

Asubuhi hiyo nilifika maabara ya hospitali mjini Kisii nikiwa na shahada ya biokemia na daftari jipya. Nilipewa damu ya mama mmoja, chupa mbili za kifuniko cha zambarau, niizungushe kwenye sentrifuji ili ile sehemu ya maji ya manjano ijitenge na chembe nyekundu. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Mimi nilisoma maagizo mara tatu, nikaingiwa na shaka kama jina kwenye chupa limeandikwa sawasawa na jina kwenye fomu, nikaenda kutafuta fomu, nikarudi, nikaenda tena. Madam Kerubo aliitazama saa ya ukutani, akachukua chupa zote mbili na kuzitia kwenye ndoo ya taka.

"Damu haingoji umalize kufikiri," alisema. "Ikikaa, chembe zinaanza kumwaga vitu vyake ndani ya maji, na sisi vitu hivyo ndivyo tunavyopima. Huyo mama bado yuko kwenye benchi pale nje. Nenda umwombe mkono mwingine."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli. Kwamba damu ya kwanza umeipoteza."

Nilimwambia. Alinitazama, akanipa mkono wa kushoto. Tangu siku hiyo sijapoteza damu ya mtu kwa kuchelewa. Nimekosea kwa njia nyingine, na nitaieleza hapa kwa sababu ninyi pia mtakaa kwenye kiti kile na kutazama namba zile.

Niseme kwanza tulichokuwa tukitafuta. Mtu akijikata kwa panga, kidonda huvimba, huwa chekundu na cha moto. Hayo hayaji yenyewe. Seli zilizo pale hutoa protini ndogo sana ziitwazo sitokini, ambazo kazi yake ni kupeleka habari: kuna jambo hapa, njooni. Mojawapo ni interlukini-6, na ndiyo iliyokula miaka yangu mitatu. Nilikuwa nimesoma haya yote chuoni na kuyafanyia mtihani, lakini niliyaelewa siku Madam Kerubo aliponieleza akiwa anaosha mikono.

"Wewe ni wa Keumbu, unajua nduru. Mtu akipiga nduru kijijini, hakuna anayeuliza maswali. Watu wanatoka na tochi, na majembe, na mbwa. Sasa fikiria mwizi mwenyewe ndiye anayepiga nduru. Majirani wanafika mbio, na badala ya kumkamata wanamuuliza, tukusaidie nini? Anawaambia, nichimbieni msingi, nileteeni maji, nifungulieni lile lango. Wanafanya. Hiyo ndiyo saratani ya matiti ikishajifunza kuita."

Sijawahi kusikia mhadhara uliouzidi huo. Uvimbe wa saratani huita seli za ulinzi, huita hata seli za mafuta zilizo jirani, na zote zikianza kuitikiana kwa sitokini, seli mbaya hupata amri ya kuishi muda mrefu, kujigawa, kutengenezewa mishipa ya damu, na mwishowe kulegea na kusafiri kwenda mfupani au kwenye mapafu. Utafiti wetu uliwafuata wanawake waliokwisha kutibiwa, tukipima baada ya kila miezi michache kama nduru inapungua au inapanda. Yalikuwa maswali ya utafiti tu. Fomu ya ridhaa ilisema wazi kwamba kipimo hiki hakiwezi peke yake kusema kama ugonjwa umerudi, na kwamba hatutampa mtu majibu yake. Niliisoma fomu hiyo kwa sauti mbele ya wanawake wengi. Kumbukeni hilo mkifika mbele kidogo.

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote ni ile sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita. Unatia maji ya damu ya kila mtu kwenye kishimo chake, unaosha, unatia dawa, unaosha tena, na kadiri interlukini-6 ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea: buluu kwanza, kisha ukitia asidi ya kusimamisha, inageuka njano papo hapo. Mashine ndiyo inayosoma namba, lakini jicho huona kabla yake. Madam Kerubo alikuwa akiinua sahani kuelekea dirishani na kusema, "Huyu, huyu, na huyu," na mashine ikaja kukubaliana naye. Nilimwonea wivu jicho lile, na bado namwonea.

Gari la hospitali lilipatikana kwa ajili yetu siku ya Ijumaa tu. Kwa hiyo wanawake wa mjini walikuja kwetu katikati ya wiki, na Ijumaa tulipitia Sironga hadi Nyaramba tukiwa na kisanduku cha barafu na sentrifuji ndogo tuliyoifunga kwa shuka isigongwe. Tulifungua kambi katika zahanati moja saa tano na kufunga saa saba. Ratiba hiyo aliipanga Madam Kerubo mwenyewe, na mwanzoni sikuona kasoro yake. Kwetu ni Wakatoliki. Ijumaa ni siku kama siku nyingine.

Nyaramba ndiko nilikomjua Mama Moraa, mjane mwenye shamba dogo la chai na migomba, aliyekatwa titi la kulia miaka miwili kabla hatujakutana. Binti yake Moraa alikuwa akisomea ualimu. Mama Moraa alimeza kidonge kimoja cha homoni kila siku, na alipaswa kukimeza kwa miaka kadhaa, kwa sababu uvimbe wake ulikuwa wa aina inayolishwa na homoni. Hakuwahi kukosa kambi yetu. Alikuwa akiniuliza kama nimekula, na nikisema ndiyo, haamini.

Mwaka wa pili niliziweka namba zake tatu kwenye karatasi moja. Ya kwanza ilikuwa ya chini. Ya pili ilikuwa juu. Ya tatu ilikuwa juu zaidi kuliko ya mwanamke yeyote kwenye sahani ile. Nilichora mstari, nao ukapanda kama barabara ya kwenda kwake. Niliona ugonjwa mgongoni mwake, niliuona mapafuni mwake. Nilisoma makala hadi nikasahau chakula cha mchana siku mbili mfululizo. Wanawake wengine wa Nyaramba nao walikuwa juu kidogo kuliko wa mjini, na hilo lilipaswa kunisimamisha, lakini mimi nilikuwa nimeshafika mazishini.

Nilipaswa kumwendea Madam Kerubo. Nilijiambia sitaki kumsumbua mpaka niwe na hakika. Badala yake nilimpigia simu Mama Moraa. Sikumpa namba yoyote, na kwa hilo nilijiona mwaminifu. Nilimuuliza tu kama mgongo unamuuma, kama amepungua uzito, kama anakohoa.

"Sina maumivu," alisema polepole. "Asante kwa kuniuliza, binti yangu."

Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu yake, naye hakuja. Saa saba ilipofika Madam Kerubo aliangalia orodha, akaniangalia mimi. Nilimweleza yote nikiwa nimeshika kifuniko cha kisanduku cha barafu. Nilingoja anikaripie. Alivua glavu, akazitupa, akasema, "Chukua begi la damu. Tunapanda kwake."

Tulimkuta ameketi kwenye kiti nje ya nyumba, mikono mapajani, mchana wa jua. Moraa alikuwa akianika nguo kwenye ua. Alikuwa ameacha chuo wiki hiyo na kuja nyumbani, kwa sababu mama yake alimwambia aje amalize naye siku zilizobaki. Mama Moraa aliagiza viti viletwe. Kisha akasema bila hasira yoyote:

"Hukuhitaji kupanda mlima, Madam. Msichana wako alishaniambia."

"Alikwambia nini?"

"Aliniuliza mgongo. Mtu wa hospitali hapigi simu kuuliza mgongo bure."

"Na vidonge?" Madam Kerubo aliuliza. "Bado unameza?"

Moraa ndiye aliyejibu kutoka kwenye ua. "Ameacha. Vimo pale chini ya kitabu cha nyimbo, hajavigusa tangu simu ile. Anasema kama ugonjwa umerudi navyo vikiwa tumboni, basi vimeshindwa."

Nilitaka kusema kitu. Madam Kerubo aliniwekea kiganja gotini. Vidonge vile ndivyo vilivyokuwa vikimlinda. Kama namba yangu ilikuwa na maana au haikuwa nayo, kila siku aliyoviacha ilikuwa hatari ya kweli, na hatari hiyo niliileta mimi kwa simu ya dakika mbili.

Madam Kerubo hakumhubiria. Alikuwa akitazama uani. Kulikuwa na kuni mpya zimepangwa chini ya ghala, mitungi minne ya maji imejaa, sufuria kubwa ya mahindi na maharagwe imefunikwa, viatu vya kanisani vimepakwa rangi na kuegemezwa ukutani.

"Kuni hizi nani amebeba?"

"Moraa, leo."

"Na Ijumaa zile ulizokuja kwetu?"

"Mimi. Nani mwingine? Moraa alikuwa chuoni."

"Ijumaa ile ya kwanza kabisa?"

Mama Moraa alifikiri. "Ile ilikuwa likizo. Alikuwa hapa, kazi alifanya yeye."

"Msomi, toa kalamu," Madam Kerubo alisema. "Omong'ina," alimwita, kama Wagusii tunavyomwita mama wa heshima, "niambie Ijumaa yako tangu unapoamka. Usiruke kitu."

Aliitaja kama anayetaja jambo lisilo na uzito. Huamka saa kumi na moja. Mtoni mara mbili, kwa sababu Sabato hakuna kuchota maji. Chai anachuma asubuhi, anabeba kikapu mgongoni hadi kituo cha majani, kule juu. Akirudi anapitia kuni za siku mbili. Anafua, anapika cha Sabato, anapiga deki. Kisha anaoga na kukimbia zahanati asikute tumefunga.

"Ndipo tunakutoa damu," Madam Kerubo alisema.

"Ndipo mnanitoa damu."

Misuli inayofanya kazi ngumu kwa saa nyingi nayo hutoa interlukini-6. Nyingi. Huo si ugonjwa. Ni mwili unafanya hesabu zake, na baada ya kupumzika hushuka. Hilo nalo nilikuwa nimelisoma na kulifanyia mtihani. Tulikuwa tumewapima wanawake wa mjini wakiwa wametoka kitini na wanawake Wasabato wa Nyaramba siku ya maandalizi, saa sita mchana, wakiwa na kazi ya siku mbili kwenye misuli.

"Mimi ni Msabato," Madam Kerubo alimwambia. "Miaka yote naandaa Sabato yangu mjini, na bomba na gesi. Nikapanga Ijumaa, na sikufikiri kwamba wewe unaandaa ya kwako. Kosa la simu ni lake. Kosa la siku ni langu."

Akamweleza habari ya misuli, kwa Ekegusii, pole pole, na akamwomba ameze kidonge jioni hiyo hiyo. Mama Moraa alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mnanituliza. Hata nilipokuwa na lile jiwe kwenye titi, mtu mmoja aliniambia ni uchovu." Akanigeukia mimi. "Huyu ni kijana na hana ugonjwa. Abebe yeye basi, mimi nikae. Afanye Ijumaa yangu moja, halafu mtoe damu yetu wote wawili. Nikiona yake imepanda na yangu imeshuka, nitameza."

"Siku saba bila kidonge ni nyingi," Madam Kerubo alisema.

"Kwa nani?"

Mkuu wa utafiti alituruhusu kwa simu. Daktari wa Mama Moraa alimpima Jumanne na hakuona lolote, lakini yeye alisema daktari wa kwanza naye hakuwa ameona. Vidonge vikabaki chini ya kitabu cha nyimbo.

Ijumaa nilifika kwake alfajiri. Maji ya mitungi sikuyamwaga sana. Kikapu ndicho kilichonitia aibu: nilichuma majani magumu pamoja na mazuri, karani kituoni akaanza kuyatupa moja moja, na wanawake kwenye foleni wakamuuliza Mama Moraa kama ameajiri mzungu. "Ni wa maabara," alisema, akiwa amekaa kwenye jiwe na mwavuli. "Anatafuta saratani kwenye chai." Kwenye kuni nilipumzika mara sita. Alizihesabu. Nilifua, nikapiga deki, nikateremka mbio hadi zahanati. Yeye aliteremka nyuma yangu polepole, ameshikwa mkono na Moraa.

Madam Kerubo alitutoa damu dakika moja baada ya nyingine, mimi na yeye kwenye benchi moja. Chupa zetu zilizungushwa mkabala, zikarudi mjini kwenye barafu ile ile. Jumatatu alitia maji ya damu zetu kwenye vishimo viwili vilivyopakana. Alinikataza kugusa pipeti, ile bomba ya kupimia matone. Niliketi nikitazama buluu ikiingia upande mmoja tu, kwanza kama kivuli, kisha kama wino. Alipotia asidi, kishimo cha kushoto, changu, kikawa njano ya kukolea. Cha kulia, cha Mama Moraa, kilikuwa karibu maji. Aliinua sahani dirishani.

"Huyu mgonjwa wa kushoto," alisema, "amwone daktari haraka."

Mashine ilikubaliana naye, kama kawaida yake. Tulipanda Nyaramba siku hiyo hiyo kwa gari la kuomba. Mama Moraa aliitazama picha kwenye simu yangu kwa muda, akaikuza kwa vidole viwili, akauliza mara mbili kipi ni chake. Kisha akamwambia Moraa alete uji. Alimeza kidonge mbele yetu, akakunywa uji wote, akamwambia binti yake, "Kesho urudi chuo. Kuni nitajua." Moraa alitoka nje na kukaa huko kitambo.

Baada ya hapo kambi ya Nyaramba tuliihamishia Jumapili asubuhi, watu wakiwa wametoka kupumzika siku nzima, na gari tukaliomba upya kwa barua nyingi. Mstari wa Mama Moraa ulishuka na kubaki chini. Wapo ambao mstari wao haukushuka hata walipopumzika. Mmoja wao, wa Sironga, tulimzika mwaka jana, na damu yake ilikuwa ikiita kwa miezi kabla macho ya mtu hayajaona kitu. Kwa hiyo msinielewe vibaya. Nduru ile ni ya kweli. Nimeiona ikikolea kwenye kishimo na nimesimama mbele yake kwa heshima na hofu. Ila ilibidi kwanza tuondoe kuni juu yake ndipo tuisikie.

Mtakuta kwenye fomu, juu kabisa kabla ya umri na dawa, swali lililoandikwa kwa mkono na kupigwa kopi mara nyingi hadi limefifia: Tangu uamke leo umefanya nini? Mtashawishika kuliruka kwa sababu halionekani la kisayansi. Ni la Madam Kerubo. Aliliandika garini tukirudi kutoka kwa Mama Moraa, fomu ikiwa juu ya kisanduku cha barafu, na ndilo jambo pekee aliloomba lisifutwe baada yake.

Jumapili yangu ya mwisho, Mama Moraa alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Nilimuuliza swali hilo.

"Andika nimeamka saa moja kama mke wa chifu. Nimekunywa uji, nimemeza kidonge, nimekuja kwa miguu bila haraka." Alingoja kalamu isimame. "Na wewe? Tangu uamke umefanya nini?"

Nilimwambia ukweli. Nilikuwa macho tangu saa kumi na moja, nikiwaza kama nimewaachia wanaokuja maelezo ya kutosha, na kama damu yake ya leo itakuwa sawa.

"Huo nao ni mzigo," alisema, akikunja mkono wa blauzi. "Tua kwanza, ndipo unitoe damu."